Cane ni muwa, ni fimbo au ni tete? Jibu kwa kijana wa Uyole

Marahaba kijana wangu, na pole kwa yaliyokukuta. Swali lako naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine wanaosoma wajue tunaongea nini. Uko Uyole, ulipewa kijitabu cha kilimo cha Kiingereza ukitafsirie kikundi cha wakulima, ukafika pale wanaposema cane ikatwe karibu kabisa na ardhi, na wewe kwa vile tangu shule ya msingi unajua cane ni bakora ukaandika bakora ikatwe karibu kabisa na ardhi, ukasoma mbele za watu, wakacheka mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Sasa unauliza mambo matatu. Neno moja linakuwaje muwa, halafu fimbo ya mwalimu, halafu mkongojo wa mzee, halafu eti na viti? Limetoka wapi? Na lile neno "kane" uliloliona kwenye Biblia, Kutoka 30, pale wanapochanganya mafuta ya kupaka, ndo hilohilo au yamefanana tu?

Nianze na hilo la mwisho maana limenifurahisha sana, wengi wanasoma mstari ule mara mia na hawasimami. Ndiyo, ni hilohilo. Kane ya Kutoka 30:23 na cane ya kijitabu chako ni neno moja, limepita njia mbili tofauti likakukuta wewe Uyole. Na maana yake ya kwanza kabisa sio fimbo, sio muwa, wala sio kiti, ni tete. Bua refu, limenyooka, lina mafundo, na mara nyingi ndani ni wazi. Ukilishika hilo bua vizuri kichwani hayo mengine yote utayaona yanatoka humo moja baada ya jingine, na sidhani kama utakosea tena.

Nikupeleke kwanza nyumbani kabla hatujaenda mbali. Mimi nimekulia vijijini Iringa, na nyuma ya nyumba ya babu kulikuwa na kichaka cha mianzi ya ulanzi, kile kinywaji cha maji ya mwanzi. Masika yakianza chipukizi zinatoka, babu anachagua iliyofikia kimo anachotaka, anaikata ncha, halafu anaifunga mbeta pale kwenye kidonda. Mbeta kama hujaiona ni kipande cha mwanzi mkavu kilichokatwa chini ya fundo, lile fundo ndo linakuwa kitako, kwa hiyo una kikombe kirefu ambacho hakuna fundi aliyekitengeneza. Asubuhi na jioni anarudi na kisu kikali, anakata kale kaganda kembamba kama kipande cha karatasi ili kidonda kisizibe, maji yanaendelea kudondoka tone tone, nyuki wanazunguka. Ukinywa asubuhi ileile ni mtogwa, mtamu, hata sisi watoto tulipewa. Ukikaa siku mbili tatu unakuwa mkangafu, huo ni wa wazee. Sasa angalia: kinywaji kimetoka kwenye mwanzi, chombo ni mwanzi, banda la kuku fito za mwanzi, kitanda chetu cha wavulana kilikuwa mwanzi uliopasuliwa, filimbi ya mchunga ng'ombe ni mwanzi, na fimbo aliyotuchapia babu tukimwaga ulanzi wake ni mwanzi pia. Mtoto wa kijiji kile ukimwambia kuna lugha ambayo kinywaji kitamu, fimbo na kitanda vinaitwa kwa neno moja, wala hashangai, anajua vyote vimekatwa kichaka kimoja.

Hata lugha zetu zimefanya hivyohivyo. Kihehe na Kibena wanasema ulanzi, Kiswahili kinasema mwanzi, na ni mzizi mmoja, ila watu wa pwani wana tabia ya kuimeza L ikiwa katikati, ndo maana njala yetu kwao ikawa njaa na mbula ikawa mvua. Halafu huo mwanzi wa Kiswahili haukubaki mmea tu. Kuna mwanzi wa pua, yaani lile tundu la kupitisha pumzi, na hakuna mtu anayeuliza mmea umefikaje puani. Neno limehama kutoka kwenye mmea likaenda kwenye umbo. Kumbuka hilo.

Sasa twende mbali. Kule ilipo Iraq ya leo, kati ya mito Tigris na Euphrates, kuna mabwawa makubwa yaliyojaa matete, fikiria Ihefu kule Mbarali lakini kubwa zaidi na watu wanaishi humohumo. Watu wa kale wa kule walijenga nyumba kwa matete, wakasuka mikeka na mashua kwa matete, na hata maandishi yao ya kwanza waliyaandika kwa kubonyeza ncha ya tete kwenye udongo mbichi. Waakadi, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania, tete waliliita qanu. Wayahudi wakaita qaneh, Waaramu qanya, na Waarabu wana qanah ambayo kwao ni mrija, mfereji au mpini wa mkuki, yaani unaona tayari hapohapo neno limeshaanza kuhama kwenda kwenye umbo, kama mwanzi wa pua.

Na qanu kilikuwa kipimo pia. Tete moja ni dhiraa 6, kama mita 3 hivi. Ukifungua Ezekieli 40 utamkuta mtu amesimama na mwanzi wa kupimia, anapima ukuta wa hekalu, na urefu wa ule mwanzi ni dhiraa 6. Kwa Kiebrania pale ni qaneh. Nenda Isaya 42 kwenye mwanzi uliopondeka, pale napo ni qaneh. Rudi Kutoka 30 kwenye manemane na mdalasini, qaneh tena, safari hii ni tete la harufu nzuri, na watafsiri wa Biblia yetu wakaamua kuliacha jinsi lilivyo, wakaandika kane, shekeli 250. Kwa hiyo neno moja la Kiebrania, mara mbili limetafsiriwa mwanzi, mara moja limebaki kane. Hao watafsiri walikuwa na tatizo lilelile lililokupata wewe kwenye mkutano na wakaamua kila mahali kwa kuangalia kinachofanyika pale, kupima, kupondeka, kunukia. Hiyo ndo kazi yenyewe ya kutafsiri, na nitarudi hapo.

Wagiriki walikuwa wanafanya biashara na watu wa mwambao wa Lebanoni, wakalichukua neno wakasema kanna. Warumi wakalichukua kwa Wagiriki, canna. Kutoka Kilatini likaingia Kifaransa, na Wafaransa wakalipeleka Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14 tayari lipo kwenye maandishi ya Kiingereza na maana yake bado ni bua refu jembamba la mmea. Fimbo ya kutembelea ilikuja baadaye, karne ya 16. Wewe ulifundishwa mjukuu kabla ya babu, ndo maana ukapotea.

Hapa sasa nataka twende taratibu kidogo maana hapa ndo pana utamu wenyewe.

Kitu cha kwanza cha tete ni kwamba limenyooka. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kubeba matofali kwa fundi mmoja wa kujenga kule kijijini, mzee hana futikamba, futikamba ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Alikuwa na ufito mmoja wa mwanzi uliopasuliwa, umekaushwa juu ya moshi mpaka ukawa mwekundu, una alama alizochonga kwa kisu: hapa upana wa mlango, hapa kimo cha dirisha, hapa nafasi ya paa. Alikuwa akiutoa anaufuta kwa mkono, anaulaza ukutani, anafumba jicho moja. Ukuta ukipinda hagombani na wewe, anakuonyesha tu ule ufito. Ufito umesema. Hakuna aliyebishana na ule ufito, hata mwenye nyumba.

Wagiriki walikuwa na ufito kama ule, na kwa vile ulitokana na kanna wakauita kanon. Ufito wa kunyooshea, wa kupimia. Kisha taratibu kanon ikawa chochote kile ambacho vitu vingine vinapimwa nacho, sheria, utaratibu. Waarabu wakalichukua wakasema qanun, na sisi kwa Waarabu tukalipokea tukasema, umeshajua, kanuni. Kanuni za shule, kanuni za barabarani, kanuni za hesabu. Kila siku ya Mungu ukisema kanuni unasema "tete lililonyooka". Kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina cha karne ya 11 kiliitwa Qanun kwa sababu hiyohiyo. Na kama umewahi kuangalia bendi ya taarabu ya Zanzibar, kile chombo bapa cha nyuzi zaidi ya 70 kinachowekwa mapajani kinaitwa kanuni, wengine wanasema ganuni, nacho ni jina hilihili, maana Wagiriki walikuwa na ubao wa uzi mmoja wa kupimia sauti, wakauita kanon. Mimi siku nilipolijua hili nilikaa kimya muda mrefu, niliona kama nimeingia kwenye nyumba ninayoishi nikakuta chumba ambacho sijawahi kukifungua.

Kitu cha pili cha tete, ni wazi ndani. Warumi kutokana na canna wakatengeneza canalis, mrija, mfereji. Humo imetoka canal ya Kiingereza, kama ule mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869. Kifaransa cha zamani kikaligeuza canalis kuwa chanel, Kiingereza kikasema channel, na sisi tukasema chaneli, wewe unapobadilisha chaneli ya tivii jioni unashika tete. Waitaliano nao wakachukua canna wakaongeza mwisho wa ukubwa, cannone, yaani tete kubwa, bomba kubwa, huo ndo mzinga wa vita, cannon. Wahispania kwa njia hiyohiyo wakapata jina la lile korongo refu lenye kuta pande zote, canyon. Na upande wa udogo, Kilatini kilisema cannula, kitete kidogo. Umewahi kulazwa? Ule mrija mdogo wanaokuchoma nao mkononi ili dripu ipite, manesi wote wa Mbeya wanauita kanula. Basi ndo huo. Babu yangu angeushika angesema hii ni mbeta ya watu wa hospitali, na asingekosea.

Kitu cha tatu, lina mafundo na pingili, na baadhi yake lina utamu, na hapa ndo tunafika kwenye muwa wa wakulima wako.

Muwa asili yake ni visiwa vya New Guinea, kule watu waliulima maelfu ya miaka kabla, ukasambaa mpaka India, na India ndo walipojua kuukamua na kuchemsha mpaka ukaganda. Wagiriki waliufahamu kwa kuchelewa. Nearchus, mkuu wa majeshi ya majini ya Aleksanda Mkuu, karne ya 4 kabla ya Kristo, alirudi kutoka India na habari kwamba kule kuna matete yanayotoa asali na hakuna nyuki. Unaona jinsi mtu anavyokitaja kitu kigeni, anachukua tete analolijua anaongeza asali. Karne ya 1 baada ya Kristo kuna mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, huyohuyo anayetaja bandari ya Rhapta huku kwetu Azania, na kati ya bidhaa zinazotoka India kuja pwani ya Somalia anaorodhesha mchele, samli, mafuta ya ufuta, na asali ya tete iitwayo sakchari. Sakchari hiyo ni sarkara ya Kisanskriti, maana yake changarawe, kwa sababu sukari ile ilikuwa chenga chenga. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, sisi sukari. Kwa hiyo Kiingereza kinapounganisha sugar na cane kinasema tete la changarawe, na tuwe wakweli, hilo ni jina la mtu aliyeuona muwa akiwa amechelewa. Sisi wenye miwa bondeni Kyela tuna neno lake peke yake, muwa, halafu tuna pingili, tuna fundo, tuna jicho, tuna makapi. Pale Mwanjelwa mwenye mkokoteni akikuuliza unataka pingili ngapi, anaukwangua kwa kisu kuanzia juu kuja chini maganda yanadondoka marefu, anakata kwenye fundo tak, anakupa kwenye kamfuko, na ukitafuna unajua mara moja kama amekupa ya juu au ya chini, maana utamu unakaa chini.

Na hapohapo kwenye lile neno la yule mfanyabiashara kuna jambo jingine, tete alilosema yeye sio kanna bali kalamos, Wagiriki walikuwa na maneno mawili. Kalamos hiyo ilikatwa ncha ikawa ya kuandikia, Waarabu wakaita qalam, sisi kalamu. Kwa hiyo kalamu ni tete na kanuni ni tete, matete mawili ya mizizi tofauti, na mwanafunzi anaandika kanuni kwa kalamu.

Fimbo sasa. Huku Kiswahili kina neno ambalo vijana mmelisahau na ningependa mlirudishe, henzerani. Ni mmea wa mashariki ya mbali, ndugu wa mnazi, ila unatambaa kama kamba msituni, bua lake halina uwazi ndani, linapinda halivunjiki. Jina tumelipata kwa Waarabu, khaizuran. Wataalamu wa mimea wameuita Calamus, tete tena. Waingereza walipoanza kuusafirisha kwa meli kutoka Malaya, yaani Malaysia ya leo, waliuona una mafundo na umenyooka, wakauita cane kwa kufananisha. Ukikatwa kwa kimo cha kiuno unakuwa fimbo nzuri ya kutembelea mtu mwenye heshima zake, ukichanwa ukasukwa unakuwa kiti, na ukiwa mwembamba na mrefu mwalimu wa Kiingereza anakuchapia, unauma na haukatiki. Vitu vitatu, malighafi moja, jina moja. Basi ndo fumbo lako la viti hilo limekwisha. Baadaye fimbo zikatengenezwa kwa mti wowote, hata kwa chuma, jina likabaki cane.

Kama unaona ni ajabu jina la malighafi kubaki wakati malighafi imeshaondoka, fikiria kiboko. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Ngozi yake ikakatwa mkanda wa kuchapia, mkanda ukaitwa kiboko. Wakati wa Mjerumani wazee wetu walichapwa hivyo, hamsa ishirini, viboko 25, na kovu la neno hilo bado wazee wanalo. Halafu kiboko kikawa pigo lenyewe. Leo mwalimu ana kijiti cha mpera mkononi na anasema viboko vinne na hakuna anayemfikiria mnyama. Na hivyo vinne havikutoka hewani, kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 1979 ziliruhusu visizidi 6, mwaka 2002 zikarekebishwa visizidi 4, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, sio kila mwenye fimbo. Waingereza waliotuletea neno cane shuleni wenyewe waliiondoa kwenye shule zao za serikali kwa sheria ya 1986. Nimefundisha miaka mingi na nasema wazi kwamba naumia kuona mtoto wa Tanzania anajua maana moja tu ya neno hili na maana hiyo ni maumivu, wakati neno lenyewe lina asali ndani, lina kipimo, lina muziki. Na kanuni ya viboko ukiirudisha kwenye mizizi ni tete la kupimia linalozuia tete la kuchapia, mwalimu yeyote aliyenisoma mpaka hapa naomba akae na hilo.

Bakora usiichukie. Bakora kwa asili yake ni ile fimbo yenye kishikio kilichopinda, ni fimbo ya mwendo kabla ya kuwa ya adhabu. Mkongojo ni wa kuegemea, mzee au mgonjwa. Na kuna fimbo nyeupe ya asiyeona, huko Bristol Uingereza mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha aliyepoteza macho, alipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamuone, Marekani wakaitangaza siku yake 15 Oktoba mwaka 1964, na siku hiyo huadhimishwa hata huku kwetu. Kwa Kiingereza zote ni cane. Kwa Kiswahili kila moja ina jina kwa kazi yake. Sisi tunaita kwa kazi, wao wanaita kwa bua, hapo ndo penye ugumu wote.

Nikuonye na ndugu wa uongo haraka haraka. Wale mbwa wakubwa wa ulinzi siku hizi wanaitwa Cane Corso, hiyo cane ni Kitaliano, inatamkwa ka-ne, ni mbwa, kwa Kilatini canis, haihusiani. Kaini aliyemuua Habili kwa Kiingereza anatamkwa sawasawa na cane lakini ni jina lingine. Candy, pipi, imetoka Kisanskriti khanda, kipande cha sukari iliyoganda, imekutana na cane kwenye duka tu. Kanisa nalo halimo, usiliguse kabisa. Na ukikuta cane rat kwenye kijitabu cha kilimo usije ukaandika panya wa bakora, huyo ni ndezi, na wakulima wako wanamjua kuliko mimi na wewe maana anakata miwa usiku.

Kazi yako sasa. Ukikutana na cane usifungue kamusi kwanza, angalia kitenzi kilicho karibu. Ikipandwa, ikavunwa, ikakamuliwa, ni muwa. Ikiegemewa ni mkongojo, au bakora kama ana nguvu zake. Ikisukwa ni henzerani. Mtoto akipigwa nayo ni fimbo, na kitenzi chenyewe cane ni kuchapa viboko. Kama kijitabu kitaongelea zabibu za Dodoma, cane ni tawi la mwaka jana lililokomaa, sio muwa wala fimbo. Ikiota kando ya maji tu haina jina zaidi, andika tete au mwanzi, utakuwa umerudi nyumbani kwake.

Sentensi iliyokuangusha iandike hivi: Muwa ukatwe karibu kabisa na ardhi. Halafu ongeza na sababu, kwa sababu wakulima wataiuliza na kijitabu kinaweza kuwa kimeiruka: pingili za chini ndo zenye sukari nyingi, ukiacha kisiki kirefu umeiacha shambani, na pia machipukizi yanayotoka chini ya udongo yanakuwa na mizizi yake na nguvu kuliko yale yanayotoka juu kwenye kisiki. Mbele utakutana na seed cane, hiyo sio mbegu ya kupanda kama mahindi, ni vipande vya muwa vya kupandia, na huwa vinakatwa vyenye macho mawili au matatu. Andika hivyohivyo, vipande vya muwa vyenye macho mawili au matatu, watakuelewa. Ukikwama kurasa zinazofuata niletee, na mwenyekiti msalimie.